Kolekole na Kamba ya Ndugu Yangu

Mwaka tuliopata dhahabu mimi na ndugu yangu, mtu niliyemchukia kuliko wote Nyamongo hakuwa mwizi wala mnunuzi mwenye mizani ya ujanja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mpole, mwenyeji wa kisiwa cha Mafia, na hakuwahi kunikosea hata neno moja. Nilimchukia kwa sababu ndugu yangu alimpenda. Sitajipamba hapa, umri wangu huu kujipamba ni kujichosha bure. Nilikuwa na roho ya kwa nini, na ilinikaa kooni kama mfupa.

Huyo ndugu yangu na mimi baba yetu ni mmoja, mama mbalimbali. Mama yake alikuwa nyumba kubwa, wangu nyumba ya pili, na ua wetu ulikuwa mmoja huko Nyamwaga, kati ya migomba na zizi la ng'ombe. Alinitangulia kuzaliwa kwa mwezi na siku kidogo, na ule mwezi aliutumia vizuri. Shuleni alinishinda. Mbio alinishinda. Kwenye ngoma wasichana walimchekea yeye, mimi wakaniuliza kama ndugu yangu yupo. Lakini jando letu lilikuwa moja, tulisimama bega kwa bega asubuhi moja mbele ya kisu kimoja, na kwetu watu waliosimama hivyo hawaachani mpaka mmoja awekwe ardhini.

Dhahabu ilipowaka Nyamongo, kabla mgodi mkubwa haujaweka uzio wake, tulikwenda kama walivyokwenda vijana wote. Kila mtu alikuwa na duara lake, yaani shimo la kuchimbia, na letu lilikuwa refu kiasi kwamba jiwe ukiliachia unasikia limefika wakati umeshasahau kwamba umeliachia. Yeye ndiye aliyeshuka. Mimi ndiye niliyeshika kamba.

Mchimbaji hushuka kwa vidato, vishimo vidogo vya kukanyagia vilivyochongwa ukutani, na kiunoni amefungwa kamba. Kamba hiyo inapita juu ya gogo lililolazwa mdomoni mwa duara, kisha inaishia kwa mtu. Mshika kamba anaizungusha mgongoni, anaipiga mizunguko miwili kwenye kiganja cha kulia, anakita mguu kwenye jiwe, na kuanzia hapo hana ruhusa hata ya kujikuna. Kila mchimbaji alijichagulia mshika kamba wake, na hakuangalia nani ana misuli. Aliangalia damu. Mtu asiye na ndugu aliitwa maskini hata kama mfukoni alikuwa nazo.

Katikati ya duara letu udongo ulikuwa umemeguka, vidato vimekwisha, kama kimo cha mtu mmoja hivi. Pale ndugu yangu hakuwa na pa kukanyaga. Alipita akining'inia kwa kamba tupu. Kabla ya kuuachia ukuta alikuwa anaita kwa sauti, "Mura, upo?" Mura ni kijana kwa Kikurya, ndivyo tulivyoitana. Nami najibu, "Nipo." Akishasikia hivyo, anajiachia.

Kwa siku alikuwa ananiuliza mara mbili, akishuka na akipanda. Sikuwa na kitu kingine duniani ambacho yeye hakuwa nacho zaidi yangu. Kamba ilikuwa yangu.

Mwalimu alikuwa amepangiwa shule ya Nyamwaga na serikali, kama manesi na mabwana shamba waliokuja kwetu wakiwa na masweta mapya na huzuni. Jumamosi alipanda baiskeli mpaka Nyamongo kuangalia maajabu. Siku moja alikaa benchi moja na sisi kwenye banda la mama ntilie, na ndugu yangu, ambaye maswali hayakumwisha tangu utotoni, akamuuliza kama ni kweli baharini kuna samaki wa kumshinda mtu mzima.

"Yupo," mwalimu alisema. "Kolekole. Kolekole mkubwa wa mwambani."

Akaweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili ya kueleza. Alisema kolekole ana kifua kipana, paji la uso limesimama wima utadhani limegongwa nyundo, rangi yake ni ya fedha iliyochakaa. Anakaa kwenye miamba ya bahari ya joto, pale mawimbi yanapovunjika. Samaki wengine wakinaswa hupapatika, kolekole huondoka. Hageuki kukutazama. Anakimbilia mwambani kwake akaukate mshipi kwenye matumbawe, na usipojua kumshughulikia, anakuachia mkono wenye damu na ndoana huna.

"Kumbe ana akili," ndugu yangu alisema.

"Ana hasira, na ana akili. Vyote viwili."

"Kama Mkurya," ndugu yangu akasema, na banda zima likacheka.

Mimi sikucheka. Nilisema samaki ni samaki, na kwetu hata kambare wa Mto Mara tunawaachia Wajaluo, wao ndio wanaojua kula vitu vyenye miiba. Ndugu yangu hakunisikia. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, anamwangalia mwalimu jinsi alivyokuwa akiniangalia mimi tulipokuwa wadogo, nilipokuwa namdanganya kwamba nimeona chui. Nilimjua mtu yule. Nilijua ameshanaswa.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja na sanduku lake la bati. Ndani, chini ya mashati na vitabu vya hesabu, alikuwa amehifadhi bunda la mshipi mnene wa nailoni na ndoana kubwa kama kulabu za kutundikia nyama. Mtu kahamishiwa kwenye mahindi na ng'ombe, siku nyingi kutoka baharini, na bado anatembea na ndoana! Nilisema kwa sauti kwamba huyu bwana labda anategemea mvua kubwa. Ndugu yangu akaniambia ninyamaze, anasikiliza.

Kisha wakafanya jambo ambalo Nyamwaga walilizungumza mpaka mavuno. Mwalimu alisema kolekole hafundishwi kwa mdomo, mtu lazima asikie mkononi. Kwa kuwa kolekole hayupo, wakachukua njeku wetu, dume dogo la ng'ombe lenye kichaa kuliko yote zizini, wakaufunga mshipi kwenye kamba ya shingoni mwake, wakampeleka uwanja wa mpira wa shule. Ndugu yangu alivishwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli vidoleni, mshipi usimchome. Mtu akampiga njeku fimbo ya makalio. Njeku akaondoka.

"Mpe!" mwalimu alikuwa anapiga kelele, anakimbia kando yake na suruali yake ya kazi. "Mpe mwendo, usimnyime! Muache ajione ameshinda. Bado... bado... Sasa kaza. Kidogo! Vuta. Akigeuka tena, mpe tena."

Mshipi ulipita kati ya vidole vya ndugu yangu ukilia. Mara tatu njeku alivuka uwanja. Mara ya kwanza ndugu yangu aling'ang'ania akaburutwa kwa tumbo mpaka golini, na watu wakashangilia bao. Mara ya tatu njeku alisimama katikati ya uwanja, ulimi nje, akageuka mwenyewe akamfuata ndugu yangu taratibu mpaka mguuni pake. Wazee walitikisa vichwa kwa furaha. Baba yetu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisema, "Hata mimi sikujua ng'ombe anaweza kushindwa kwa kuachiwa."

Mwalimu alinigeukia. "Na wewe, ndugu yangu, njoo ushike."

Aliniambia kwa heshima kabisa. Lile neno ndugu yangu likanichoma.

"Mimi nashika kamba yenye mtu," nilimjibu. "Hiyo ya ng'ombe shikeni ninyi."

Watu walicheka, nikafurahi. Ndugu yangu hakucheka. Wangeniambia siku ile kwamba nimekataa somo ambalo ningelilipia kwa nyama ya mkono wangu, ningewatukana.

Kuanzia pale nilimkosa ndugu yangu. Kwa mwili alikuwepo, alishuka, alipanda, aliniita, nikamjibu. Lakini tukikaa kula alikuwa anafunga mafundo. Fundo la ndoana, fundo la kuunga mshipi uliokatika, fundo ambalo likikazwa haliteremki. Alikuwa anayafunga kwa uzi wa gunia, kwa kamba ya kiatu, kwa nyasi. Nikimwambia habari za nyumbani anaitikia, ndiyo, ndiyo, kisha ananiuliza kama nadhani kolekole analala. Nitajuaje? Nilimwambia akamuulize mume wake mwalimu. Nilitaka agombane na mimi angalau. Akacheka tu.

Mwezi wa kumi na moja tukaufikia mwamba wenyewe. Sitaeleza mengi, aliyewahi kupata anajua, na asiyewahi haamini. Jiwe lilipotoka kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe, na kuoshwa, mchanga ulibaki na ule mng'ao ambao unawafanya watu wazima wanong'one. Baba alinunua ng'ombe. Mama zetu wote wawili waliezekewa bati siku moja ili kusiwe na maneno. Jirani wa duara la pili alikodi gari mbili kwenda Tarime, moja apande yeye na nyingine ipande kofia yake. Mimi nilinunua saa na koti la ngozi ambalo jua la Nyamongo halikuniruhusu kulivaa.

Ndugu yangu alisema anataka kumwona kolekole.

Shule zilikuwa zinafungwa Desemba na mwalimu alikuwa anarudi kwao. Niliposikia nilijua wamepanga wenyewe, nikavaa uso wa mtu asiyejali. Lakini jioni ndugu yangu alikuja nyumbani kwa mama yangu, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Funga mzigo, mura. Siendi kokote bila wewe."

Ningefurahi. Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nilijiuliza kama ni mwalimu aliyemwambia anialike, kwa huruma.

Basi mpaka Mwanza, treni mpaka Dar es Salaam, kisha chombo mpaka kisiwani: safari yote hiyo wao wawili waliongea, mimi nikahesabu stesheni. Kule kisiwani mama yake mwalimu alimpokea ndugu yangu kwa kumwita mwanangu, mimi akaniita mgeni wetu. Alitulisha vizuri, mchuzi wa nazi na samaki, na ndugu yangu, mtoto wa ng'ombe na ugali, alitoa miiba mdomoni kwa ncha ya ulimi kama aliyezaliwa nayo. Mimi nilikwamwa na mwiba siku ya kwanza wakanipiga mgongoni ua mzima.

Siku ya tatu mjomba wa mwalimu alitupeleka mwambani, kwenye boti ya mbao yenye mashine nyuma. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilitapika kabla hatujafika na nikatapika baada ya kufika. Ndugu yangu alikuwa amesimama mbele, miguu imeachana, anapokea maelezo. Chambo alikuwa samaki mdogo, mzima, amechomwa ndoana mgongoni. Akamtupa pale povu lilipokuwa linachemka juu ya mwamba, akasubiri na mipira yake vidoleni.

Sikumwona samaki akila. Niliona mabega ya ndugu yangu yakishuka, kama mtu aliyewekewa gunia ghafla, na mshipi ukaanza kuruka kutoka kwenye kapu. Alimpa. Alimpa, akampa, hata mjomba akawa anaangalia kapu linavyoisha. Kisha akakaza kidogo, na boti yenyewe ikageuka kumfuata samaki. Muda mrefu ulipita hivyo, ananyimwa, anapewa, na mara mbili alifika karibu na mwamba na mara mbili akageuzwa. Jasho lilimtiririka ndugu yangu mpaka kwenye vidole vya miguu. Alikuwa anaongea na yule samaki kwa Kikurya, maneno yaleyale tunayombembelezea ng'ombe anayegoma kukamuliwa.

Walipompandisha alikuwa mzito kama nusu gunia la mahindi, paji la uso wima, jicho kubwa limetulia bila woga. Ndugu yangu aliweka kiganja kwenye lile paji akakaa nacho pale kidogo. Mjomba akamwangalia mwalimu akasema, "Huyu kijana kwao ni huku. Kuzaliwa kwingine ni makosa ya njia."

Alikuwa anasifu tu, najua. Lakini mimi niliyesimama naye bega kwa bega nilisikia nanyang'anywa ndugu mbele ya macho yangu, na mwenyewe anatabasamu. Nikasema, "Nipe mshipi."

Mwalimu aliniletea vipande vya mpira. Nikavikataa. Nikauchukua mshipi nikaupiga mizunguko miwili kwenye kiganja cha kulia, kama siku zote, nikakita mguu kwenye ubao.

"Usizungushe, ndugu yangu," mwalimu alisema. "Huyu hashikwi hivyo."

"Nimeshika watu," nikamwambia.

Mshika kamba wa Nyamongo anajua jambo moja tu, kwamba ukishika umeshika. Kuachia ni kuua. Miaka yote ile viganja vyangu vilifundishwa somo hilo moja, na ndilo nililompelekea kolekole. Alipokula, nilipigishwa magoti chini kabla sijajua nimeanguka. Mshipi ukajikaza na ile mizunguko miwili ikaingia kwenye nyama. Nikaburutwa mpaka ukingoni, kifua kikajibana kwenye ubao, boti ikalala upande maji yakaingia. Walikuwa wananipigia kelele niachie. Haikuwezekana kuachia, mshipi ulikuwa umejifunga wenyewe. Na ingewezekana, nisingeachia. Nilikuwa nasema moyoni, wangu ni mkubwa kuliko wake. Nilikuwa nalia kwa maumivu na nasema hivyo.

Ndugu yangu alichukua kisu cha chambo akaukata mshipi.

Nilianguka chali. Damu ilikuwa imejaa kiganja kama bakuli. Kitu cha kwanza nilichosema, sikusema ahsante, nilisema, "Umeona nampata, ukaona wivu."

Alivua shati lake, akalichana, akanifunga. Alifunga kwa utulivu, moja ya yale mafundo yake. Alisema, "Huo mkono ndio unaonishusha na kunipandisha. Ukiondoka na samaki, mimi nitashikwa na nani?"

Nilisikia. Naapa nilisikia vizuri, na mpaka leo naweza kukuambia maji yalikuwa na rangi gani aliposema. Lakini mwenye wivu anasikia kwa sikio lililojaa. Nilidhani anajitetea.

Nyumbani, mbele ya baba na majirani, ndugu yangu alisimulia. Kolekole wake alimwelezea kwa ufupi. Akamalizia kwa kusema wa kwangu ndiye aliyekuwa mkubwa zaidi, boti nusura izame, na mshipi ulishindwa kabla mimi sijashindwa. Baba aliniangalia kwa muda, akapiga paja, akasema, "Basi huyo ndiye dume." Sikuwahi kupata sifa kama ile kutoka kwa baba yangu, na nilipewa na ndugu yangu kama koti alilolivua yeye. Hata aibu yangu aliibeba vizuri kuliko mimi. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Nesi wa zahanati alinishona. Alisema wiki tatu nisishike kitu. Nilidhani ndugu yangu atatafuta mtu mwingine kwa hizo wiki tatu, kwa kuwa wenzetu walikuwa wanachimba usiku na mchana na kila mtu aliogopa dhahabu itaisha kesho. Hakutafuta. Alikaa mdomoni mwa duara wiki tatu, akinoa tindo, akifunga mafundo. Watu walimcheka. Walimwambia wapo vijana kibao wa kushika kamba. Akawajibu mshika kamba wake yupo, anaumwa.

Nyuzi zilipotolewa nilimwambia niko tayari. Kiganja kilikuwa bado kinavuta, lakini kilikuwa kimefunga, kikavu. Nilikizungushia kitambaa kisafi. Ilikuwa Jumamosi, na mwalimu naye alikuja na baiskeli yake. Aliniamkia vizuri, akauliza mkono, akasimama nyuma yangu kidogo. Sikuelewa kwa nini anasimama pale. Kulikuwa na benchi, kulikuwa na kivuli. Kila nilipogeuka nilimwona.

Ndugu yangu alishuka asubuhi. Wakati wa kushuka aliniita kama kawaida, nikajibu, akapita. Akafanya kazi mpaka jua lilipokaa kichwani, kisha akavuta kamba mara mbili kunijulisha kwamba anapanda. Nilikuwa namsikia, hatua kwa hatua, mpaka akafika pale pasipo na vidato.

Sauti ikatoka chini. "Mwalimu, upo?"

"Nipo!" mwalimu akajibu nyuma yangu.

Na ndugu yangu akajiachia.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba kamba iliteleza. Haikuteleza. Nilifungua vidole. Sikufikiria kumuua, sikufikiria kitu chochote. Nilisikia jina la mtu mwingine mahali pa jina langu, na mkono wa kulia ukafunguka wenyewe kama unaosema, haya, basi akushike huyo. Kamba ilikimbia kiasi cha dhiraa mbili. Kisha nikaibana kwa mgongo na kwa mkono wa kushoto, mwalimu akairukia nyuma yangu, ikasimama. Chini mawe yalikuwa yanaanguka, yanaanguka, mpaka yakafika. 

"Mura," sauti ikasema. "Mkono?"

Alikuwa ananing'inia kule gizani, na ndiye aliyenipa jibu.

"Mkono," nikasema.

Tulimpandisha. Shavu lilikuwa limechunika na nywele zimejaa vumbi. Mwalimu alikuwa anaongea haraka haraka. "Aliniomba nikae nyuma yako," aliniambia. "Alisema mkono wako bado mchanga na wewe hutakubali kusaidiwa. Alisema atauliza kama nipo, ajue tuko wawili. Hakutaka kukuaibisha."

 Ndugu yangu alikaa kwenye gogo, akauchukua mkono wangu wa kulia akauweka kwenye goti lake. Akafungua kitambaa, mzunguko kwa mzunguko. Yeye alijua kuliko mtu yeyote pale kamba ikiponyoka inafanya nini kwenye kiganja. Kitambaa kilikuwa kizima, hakikuchanika hata uzi. Kidonda kilikuwa kikavu. Akaniangalia usoni. Nilikuwa nimeshika kamba yake kwa miaka, na sikuwahi kuona jicho lake likiniangalia bila kuniita.

Akakifunga tena kitambaa, taratibu, akakaza fundo. Kisha akasema kwa sauti, wote wasikie, "Mkono wa ndugu yangu haujapona. Badala yake tafuteni mtu."

Jumatatu alishikiwa kamba na kijana mmoja kutoka upande wa Serengeti, Mnata, mtu wa kabila jingine, ambaye hatukujua hata ukoo wake. Baba alipouliza, ndugu yangu alimwambia mkono wangu uliharibikia baharini na hautashika tena uzito. Aliwaambia hivyo mama zetu, aliwaambia wazee, na baadaye wake zetu na watoto. Mwalimu alihamishwa, mgodi mkubwa ukaja na uzio wake, duara letu likafukiwa. Mimi nilifungua duka dogo Nyamisangura, yeye akabaki Nyamwaga na ng'ombe wake. Hajawahi kunitaja vibaya. Wajukuu wake wanaijua hadithi ya babu yao mdogo aliyepigana na kolekole mkubwa kuliko wote, akapoteza mkono wa kulia kwa ushujaa.

Mkono ulipona mwezi wa tatu, mwaka uliofuata ule wa dhahabu. Dukani kwangu nabebea magunia, nafungia mizigo, napigia misumari. Lakini nikienda kumsalimia ndugu yangu, mkewe akileta chai na watoto wakakaa kuniangalia, kikombe nakipokea kwa mkono wa kushoto, na yeye anageuza uso pembeni mpaka nimalize kunywa.